Waulize Mafundi: Kompyuta ya duka kubwa au ya muuzaji wa mtaani?

Barua za safari hii zimetoka Lamu na Malindi. Tumezifupisha, na majina ya maduka tumeyaondoa.

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu mjini. Nataka laptopu ya kuandalia masomo, kujaza alama na kutayarisha mitihani. Duka kubwa lenye matawi kule Mombasa lina mpya kwa shilingi 36,000: prosesa ya Celeron N4500, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, eMMC (hifadhi ya faili) ya 64GB, waranti ya mwaka mmoja. Muuzaji mmoja wa Malindi ana HP EliteBook 840 G5 ya ex-UK (mtumba kutoka Uingereza) kwa 33,000: Core i5, RAM 8GB, SSD (hifadhi ya faili yenye kasi zaidi) ya 256GB, waranti ya miezi mitatu. Mume wangu asema kipya ni kipya. Mwanishauri nini?
*Mwalimu, Langoni*

Waaleikum salaam, Mwalimu. Sisi tungechukua ya Malindi, ila si kabla ya kuikagua. Ile ya Mombasa ni mpya kweli, lakini imeanzia chini mno. RAM 4GB na nafasi ya 64GB ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft wamekiweka kwa Windows 11. Chini ya hapo hawaikubali. Windows na masasisho yake hula zaidi ya 20GB, uweke Office, picha za wanafunzi na faili za WhatsApp, na kabla ya mwaka kwisha utakuwa ukifuta vitu ili usasishaji upite. Na hapo hakuna fundi wa kukusaidia, kwa sababu eMMC imechomelewa kwenye bodi kuu, na katika laptopu nyingi za bei hiyo RAM nayo imechomelewa vilevile. eMMC ikifa, bodi nzima imekwenda nayo.

Hiyo 840 G5 ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na ofisi hutaka mashine inayofunguka. Ina nafasi mbili za RAM, SSD ya M.2 inayoshikwa na skrubu moja, na betri iliyofungwa kwa skrubu badala ya gundi. Prosesa yake ina viini vinne dhidi ya viwili vya ile Celeron. Kwa kuwa ziliuzwa kwa wingi, spea zake mafundi wa Mombasa wanazo au wanajua pa kuzipata. Kwa mtu anayeishi kisiwani, hilo lina uzito kuliko waranti ya mwaka mmoja ambayo kila ikihitajika lazima uvuke hadi Mokowe na kupanda basi.

Sasa ukaguzi. Nenda na simu yenye bando na saa nzima ya kukaa. Muuzaji akianza kukuharakisha, kumbuka chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Anza na prosesa. Usisome kibandiko, vibandiko huuzwa kwa karatasi nzima. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika *dxdiag*, na usome modeli na namba ya prosesa. i5-8250U au i5-8350U ni kizazi cha 8, nacho chakubaliwa na Windows 11. Ukiona i5-6300U au i5-7300U, hiyo ni ya kizazi cha 6 au cha 7, hata ikiwa imeandikwa G5. Wauzaji huilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine hizo za kizazi cha 6 na 7, nayo hufanya kazi, lakini Microsoft hawaahidi kuwa masasisho yataendelea kuja. Windows 10 nayo iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo “ina Windows 10 safi kabisa” si sifa tena. Mashine ya kizazi cha 6 haifai kulipiwa bei ya kizazi cha 8 hata ikiwa inang’aa.

Kisha makufuli, na hapa ndipo wengi hulia. Laptopu hizi zilikuwa mali ya makampuni. Izime, iwashe huku ukigonga F10 mfululizo (kwa ThinkPad ni F1, kwa Dell ni F2). Ikikuomba nenosiri, iache palepale. Kuondoa nenosiri la BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows) katika mashine za kiofisi si kazi ya programu, mara nyingi ni ya kubadilisha chipu. Ukiingia, tazama upande wa usalama kama Absolute, programu ya kuifuatilia mashine ambayo zamani iliitwa Computrace, imewashwa. Ikiwa imewashwa, huenda mwenyewe wa kwanza bado ana uwezo wa kuifunga akiwa mbali. Kufuli la tatu halionekani mpaka Windows iwekwe upya ikiwa na intaneti: baada ya kuunganisha Wi-Fi unatokea ujumbe wa kukaribishwa na kampuni fulani ya Ulaya, ukiomba barua pepe ya mfanyakazi. Kwa hiyo mwambie muuzaji airudishe Windows upya mbele yako, iunganishwe na Wi-Fi kutoka mwanzo, na ifike hadi kwenye desktopu kwa akaunti yako wewe.

Betri ipimwe kwa namba. Fungua dirisha la amri kwa kuandika *cmd*, kisha andika *powercfg /batteryreport*. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti; ifungue utazame mistari miwili, uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Tuseme wa kiwandani ni 50,000 mWh na wa sasa ni 31,000: hiyo ni asilimia 62. Chini ya 70 tungedai betri nyingine au bei ishuke kwa kiasi cha betri. Na uikague kwa macho pia: kibodi au paneli ya kugusia ikiwa imeinuka kidogo katikati, betri imevimba, na haitakiwi hata kusafirishwa.

RAM ni haraka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance halafu Memory. Ikiandika nafasi 1 kati ya 2 imetumika, ni vizuri, utaongeza kipande siku za mbele bila kutupa kilichopo. Mwisho fungua ukurasa mweupe skrini nzima utafute madoa, gonga kila kitufe cha kibodi, chomeka flashi kila tundu, na ufungue na kufunga kifuniko mara kadhaa ukisikiliza bawaba.

Risiti iandikwe modeli, namba ya serieli, RAM, SSD, na waranti inashika nini. “Waranti miezi mitatu” bila maelezo huja kuwa waranti ya bodi pekee siku betri itakapokufa. Lipa kwa namba ya Till ya duka, si namba ya simu ya kijana, ili ujumbe wa M-Pesa ubaki na jina la biashara.

Mwambie mume wako duka kubwa lina faida moja ambayo muuzaji wa mtaani mara nyingi hawezi kuilinganisha: kulipa mdogomdogo kupitia mkopo rasmi. Kama hamna 33,000 taslimu, hilo ni jambo la kuzungumza. Ila basi chukueni ya RAM 8GB yenye SSD, hata kama malipo yatarefuka.

Laptopu ya ofisi yetu ya boti iliangukia majini gatini Mokowe, maji ya chumvi. Ilizima yenyewe. Tumeifukia kwenye mchele siku mbili, sasa tunataka kujaribu kuiwasha. Ilinunuliwa mpya duka kubwa na ina miezi minane ya waranti.
*Nahodha, Shela*

Nahodha, msiiwashe. Wala msiiunganishe na chaja. Na itoeni mcheleni leo.

Mchele hunyonya unyevu kidogo ulio hewani. Hautoi chumvi iliyokwisha kuingia chini ya chipu. Chumvi ikikauka hubaki, na kwa hewa ya Shela huvuta unyevu tena usiku, na palipo na umeme wa betri shaba inaendelea kuliwa. Siku mbili ni nyingi, lakini hazijamaliza matumaini. Waranti isahauni: waranti za kawaida za watengenezaji hazishiki maji, na duka litaituma Mombasa au Nairobi ili tu mrudishiwe barua ya kukataliwa huku kutu ikiendelea. Hapa fundi wa karibu anayeweza kuifungua leo ana thamani kuliko kituo rasmi cha wiki ijayo.

Kazi yenyewe ni hii, mkamsimamie. Afungue kifuniko cha chini na kitu cha kwanza kabisa achomoe plagi ya betri kwenye bodi. Betri iliyoingia maji ya bahari isioshwe ikarudishwa. Lithiamu na chumvi ndani ya kasha vinaweza kupiga shoti na kuwaka hata baada ya siku kadhaa; iwekwe nje, mbali na makuti na mbao, itafutwe nyingine. Kisha atoe SSD, RAM, feni na bodi kuu, na afungue vile vifuniko vya bati vidogo, maana chini yake ndiko chumvi hujificha. Bodi ioshwe kwanza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa ya kuongezea betri za gari. Soma chupa: kuna ya maji na kuna ya asidi, na zote watu huziita maji ya betri. Baada ya hapo aloholi ya isopropili ya asilimia 99, kwa mswaki laini, hasa kwenye viunganishi vya waya wa skrini na wa kibodi, mpaka ule ukijani na weupe uishe. Spiriti ya rangi ya zambarau haifai, inaacha mabaki. Ikauke saa 24 mbele ya feni. Jua kali na mashine ya kukaushia nywele hapana.

Kama ofisi inataka faili tu na mashine si kitu, SSD ya M.2 ikioshwa vivyo hivyo huchomekwa kwenye kasha la USB na kusomwa na kompyuta nyingine. Makasha yako ya aina mbili, ya NVMe na ya SATA, na moja halisomi ya mwenzake isipokuwa limeandikwa kuwa linashika zote mbili. Aangalie maandishi kwenye SSD kabla ya kuagiza. Anaweza kukutana na BitLocker hapo, tutaieleza katika barua ya mwanafunzi hapa chini.

Kibodi ya maji ya chumvi kwa kawaida haifufuki. Hesabuni kibodi na betri kama gharama za lazima, na mkubaliane na fundi kuwa ya ufundi wa bodi italipwa ikiwaka.

Nilinunua laptopu mpya duka lenye matawi, ina miezi mitano. Bawaba ya kushoto imeng’oka na plastiki yake. Dukani wamesema ni matumizi mabaya, nilipe. Nina haki gani?
*Msomaji, Malindi*

Unayo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amekuhakikishia bidhaa ya ubora unaofaa kuuzwa, na maandishi ya duka hayawezi kuiondoa haki hiyo. Kwanza usikubali jibu la mdomo. Omba ripoti ya fundi wao kwa maandishi, yenye picha na sababu. Pili, usikwame dukani: waranti ni ya mtengenezaji, kwa hiyo ingia tovuti yake, weka namba ya serieli, na uandikie kituo chake cha huduma moja kwa moja. Ukiona tovuti inasema waranti ilianza kabla ya siku uliyonunua, tuma risiti, tarehe hurekebishwa. Wakikataa wote wawili, kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inayopokea malalamiko ya wanunuzi, na Mahakama ya Madai Madogo inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambako unaweza kujisimamia bila wakili.

Hoja yako ya kiufundi ni hii: katika laptopu za bei ya chini, skrubu za bawaba hushikwa na vijinati vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki nyembamba. Bawaba ikitoka kiwandani ikiwa ngumu, kila ukifungua inavuta vijinati hivyo mpaka plastiki inapasuka. Mashine iliyoanguka huwa na kona iliyopondeka au alama ya nje. Yako ikiwa haina, piga picha za kona zote nne.

Ukiamua kwenda kwa fundi, usimruhusu atumie gundi ya matone, ile hukauka na kuwa kama kigae. Atumie epoksi ya sehemu mbili, aiache saa 24, na kabla ya kurudisha alegeze nati ya bawaba kama robo mzunguko. Fanya hivyo tu ukishaachana na madai ya waranti, kwa sababu ikifunguliwa hoja yako imekufa.

Naogopa kupeleka laptopu yangu kwa fundi, nasikia hubadilisha SSD na kupekua picha. Skrini imepasuka tu.
*Mwanafunzi, Malindi*

Hofu yako ina msingi, na si kwa mafundi wadogo peke yao. Nyuma ya kaunta ya duka kubwa pia kuna mtu mwenye bisibisi, tofauti ni kwamba humwoni. Unganisha televisheni kwa waya wa HDMI upate kuona, kisha uweke programu ya CrystalDiskInfo upige picha ya ukurasa wake: unaonyesha namba ya serieli ya SSD na saa ilizofanya kazi. Ukirudishiwa, linganisha. Nakili faili zako kwenye diski ya nje na uziondoe zile za siri.

Usimpe nenosiri. Kubadilisha skrini hakuhitaji kuingia kwenye akaunti. Mwanga wa ukurasa wa kufungulia watosha kuthibitisha. Lakini jambo moja ulifanye kabla ya kuondoka nyumbani: laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Fundi akigusa BIOS au akibadilisha bodi, mashine itadai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako ya Microsoft, uuandike karatasini.

Kuhusu skrini yenyewe, fundi asiagize kwa jina la laptopu. Modeli moja huwa na paneli tofauti. Aifungue asome namba nyuma ya paneli, na ahesabu aina ya plagi: pini 30 au 40. Hazibadilishani. Zile za kugusa kwa kidole ni habari nyingine, na bei nyingine.

Chaja ya HP yangu imekufa, imeandikwa 19.5V 3.33A. Nimepata 19.5V 4.62A. Itaunguza?
*Msomaji, Watamu*

Haitaunguza. Volti lazima zilingane, ampea zikizidi laptopu huchukua inachohitaji. Zikipungua ndipo chaja huchemka. Hakikisha ncha ni ileile, maana HP wana nene ya zamani na nyembamba ya buluu. Wenye Dell wajihadhari zaidi: ndani ya ncha yao kuna pini ya katikati inayoitambulisha chaja, na chaja bandia isiyotambulika huwasha mashine bila kuchaji betri.

Ndugu yangu yuko Dubai ataniletea laptopu. Plagi na waranti?
*Msomaji, Lamu*

Plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa, na umeme wao ni wa kiwango chetu. Waranti ndiyo ya kuuliza: nyingine ni ya kimataifa, nyingine huishia nchi iliponunuliwa. Aweke namba ya serieli kwenye tovuti ya mtengenezaji akiwa bado dukani, na asome nchi zilizotajwa. Kibodi aitazame pia, kama herufi zake ni hizi tunazozitumia.

Nina saiba ya kompyuta sita karibu na bahari. Kila baada ya mwaka hivi moja inakataa kuwaka. Nataka kununua nyingine nne. Niagize mpya duka kubwa au ex-UK?
*Mwenye saiba, Lamu*

Kabla ya kununua, fungua hizo zilizokataa. Kwa hewa ya bahari, nusu ya ugonjwa huwa kwenye miguso. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iishe, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba nyeupe ya penseli, futa kwa aloholi, na usafishe mfuo wake kwa brashi kavu. Rudisha kipande kimoja kimoja. Mashine iliyokuwa ikilia milio bila picha mara nyingi huamka hapo. Saa ikirudi nyuma kila asubuhi, badilisha betri ya CR2032, ya volti 3. Feni ikiwa imevaa tope la vumbi na chumvi, isafishwe, na grisi ya joto ya prosesa ibadilishwe kwa tone la ukubwa wa punje ya choroko. Ukijaza mno hufurika pembeni.

Kwa ununuzi, tungechukua ex-UK, tano badala ya nne, zote modeli moja. Sababu ni pawasaplai. Kompyuta ndogo za mezani za HP EliteDesk na Dell OptiPlex hutumia pawasaplai ya umbo lao wenyewe, ile ya kawaida ya ATX haiingii, na hutaipata Lamu siku ya Jumamosi wateja wakiwa kwenye foleni. Ile ya tano ndiyo ghala lako la spea. Duka kubwa tungelitafuta kwa skrini na UPS (kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika), vitu ambavyo waranti yake hutumika kweli; na UPS ya mtumba mara nyingi huja na betri iliyokwisha.

UPS ya 650VA itabeba kompyuta mbili ndogo na skrini zake, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza isichomekwe humo. Inapopasha moto huvuta umeme kwa mkupuo na UPS hukata. Zipandishe mashine juu ya meza, zitoke sakafuni na zisielekee dirisha la baharini, hasa msimu wa kusi. Na ile tabia ya kufunika kompyuta kwa leso usiku ikiwa bado ya moto iacheni. Subirini zipoe kwanza, kisha mfunike.